Safu ya Majuto

Kilo tisini na moja, akasema Sista Dzame,
akaziandika kwa kalamu nyekundu.
Nikavua bangili, nikavua leso ya pili,
nikamwambia, hebu pima tena.
Tisini, nukta tisa.

Kwetu mtu akiwanda huambiwa mashallah.
Sista aliniambia sukari,
aliniambia magoti,
aliniambia, Bi Rukiya, wewe wataka kuzeeka vipi?

Nikanunua daftari, ganda lake lina twiga
(mwembamba yule, nikamwonea kijicho).
Zulfa mwanangu akanipigia mistari kwa rula:
safu ya chakula, safu ya hatua,
na ya tatu, bila kuulizwa, akaiandika Majuto.

Lakini mie, jamani, kazi yangu mahamri.
Saa tisa za usiku nishaamka.
Unga nimeukanda jana kwa tui na iliki,
umeumuka, umefura, waniangalia kama pacha wangu.
Mafuta yakishika moto karaini
harufu haipigi hodi, yaingia tu,
yavua viatu, yakaa kitandani.
Mia mbili kila alfajiri;
mia mbili na moja, nikisema kweli,
maana lile la kwanza huliwa na mpishi.
Mama alinifunza: usimuuzie mtu usichokionja.
Nikaliacha. Siku tisa nikaliacha.

Jumatatu: yai, nusu tango, chai ya mkandaa bila sukari.
Kijiko kilikaa ukingoni, hakijui kazi yake.

Jumanne nikavaa raba za Zulfa, zikanibana,
buibui nikalikunja kwa pini,
Majengo, Mwembe Tayari, Mapembeni,
hadi Laithausi, natweta kama cherehani kuukuu.
Na huko nikapokewa na nani?
Muhogo wa kukaanga, ndimu imekatwa tayari,
pilipili nyekundu, kachiri kwenye vifuko.
Nani aliyeupanga mji huu,
pahala pa kwenda kulipunguza tumbo
pakawa ndipo pahala pa kulijaza?
Hatua: elfu sita.
Muhogo: vipande vinne.
Majuto: tazama mstari wa juu.

Jumatano pamekaa patupu. Mvua ilinyesha,
nami sikuwa na haraka ikatike.

Alhamisi nikafunga sunna.
Nia niliitia usiku, lakini hadi leo sijui
kama niliitia kwa Mola au kwa mizani.

Ijumaa, harusi ya kwa Batuli,
nikajipakulia biriani nusu sahani.
Batuli akaja akaijaza ile nusu nyingine,
akaninong'oneza: mbona wasinyaa, shoga,
mumeo kaoa?

Siku ya tisa Faraji wa duka la vipuri
akarudi na hamri aliloliuma mara moja.
Hakusema neno. Akaliweka mezani.
Nikamega, nikaonja.
Chumvi haimo.
Na mia mbili yalikuwa yashaondoka,
mtaa mzima umefungua kinywa
kwa ugomvi wangu na mizani.

Usiku huo nikachora safu ya nne: Kuonja.
Kipande kiasi cha ukucha wa gumba,
kilichobaki chake paka wa msikitini.
Naandika saa, naandika ukubwa.
Siku nyingine, nakiri,
ukucha wenyewe huwa wa ndovu.

Jana, giza bado halijapasuka,
akaja mtu kajitanda leso hadi puani.
Mahamri manane, akasema, na mbaazi. Ni ya watoto.
Sauti ile naijua, ndiyo husoma nukta.
Sista Dzame hana watoto.

Nikamfungia gazetini, sikumtazama usoni.
Nikamwambia tu, kama nausemesha moto,
saa mbili na nusu natoka, nenda Laithausi kwa miguu.

Akaangalia viatu vyake kitambo.
Akauliza: muhogo upo?