Ufito wa Anselmo

Geji mbili, ya kushoto na ya kulia,
mishale yake ina adabu za wageni:
hukubali kila usemalo.
Ukikata kona, mmoja unadai shibe, mwingine njaa;
ukinyoosha mabawa, wanabadilishana maneno.
Baba alizibandika utepe mweusi
mwaka ule theluji ilipoua kondoo mia tatu.
"Geji husema kweli siku moja tu, Ercilia,
siku ambayo huhitaji tena kuambiwa."

Akakata mpini wa fagio la mama
(mama alifagia kwa kuinama msimu mzima),
akaukata chale kwa kisu cha kunyolea manyoya,
kila chale lita tano.

Huku Chubut upepo haumngoji mtu.
Unapanda ngazi, unafungua kizibo,
unatumbukiza ufito wima mpaka ugonge kitako cha tangi,
unautoa, unausoma papo hapo,
maana petroli ya ndege ni ya buluu na ina haraka,
na upepo nao unajua kusoma:
hupangusa mstari kabla hujautaja.

Miaka kumi na mmoja baada ya kumzika
niliuamini ufito ule kuliko macho yangu.

Mwezi wa tatu ulisema sabini.
Nikapiga hesabu kwa saa ya mkononi:
safari ya saa moja na nusu, lita arobaini na tano,
itabaki akiba ya kwenda na kujuta.
Injini ikakohoa mara moja.
Ikakohoa tena.
Kisha nikausikia upepo peke yake,
jinsi kondoo wanavyousikia.

Nilitua kwenye barabara ya malori.
Pande zote pampu zilikuwa zinainama na kuinuka,
zinavuta mafuta kutoka tumboni mwa ardhi,
pipa baada ya pipa, usiku na mchana,
na mimi sikuwa na hata kikombe.

Nilimshuku mwizi.
Nikashuku ufa kwenye tangi, kabureta, kizibo,
nikamshuku hata Froilán, aliyenilelea farasi.
Ufito sikuushuku.

Wenceslao Prichard, fundi wa Sarmiento,
alikuja na chupa ya chai na hakufungua boneti.
Alichuchumaa, akatazama magurudumu.
"Matairi haya makubwa umeyafunga lini?"
Msimu wa mawe, nikasema, ili yasipasuke.
"Basi umeinua pua yake vidole vinne.
Mafuta yameegemea nyuma, na mdomo wa tangi uko nyuma.
Baba yako hakusema uongo.
Alipima ndege nyingine."

Nimelia kwa mambo madogo kuliko hilo.

Jumapili, kabla upepo haujaamka,
mimi na Froilán tuliyakausha matangi bandani,
tukaacha yale ya chini kabisa yasiyofika injini,
mzigo usio na faida, kama hasira.
Kisha jagi, lita tano. Ngoja yatulie. Ufito. Chale.
Jagi. Ngoja.
Froilán alihesabu kwa sauti kama anayepitisha kondoo langoni,
akapotea kwenye tisa, tukaanza upya.
Haba na haba, kibaba kikakaa sawa.

Chale zangu nilizikata upande wa pili wa mpini.
Zimepanda juu kuliko zake, kila moja,
na hazijanyooka; yeye alikuwa na mkono mzuri.
Msasa nilikuwa nao. Sikuupitisha upande wake.

Kesho nabeba chanjo kwenda Río Mayo.
Upande wake unasema sabini.
Upande wangu, hamsini na tano.
Nimemimina ndoo moja zaidi,
ya kutotuamini sote wawili.