Mzunguko wa Taratibu

Baba alituachia bahasha moja na saa ya kubonyeza,
ile iliyoning'inia shingoni mwake miaka kumi na tisa
alipokuwa mshika bendera kwenye kona ya Bosonohy,
pikipiki zikipita milangoni kwa watu
na kina mama wakifunga madirisha, supu isiingie vumbi.
Siku hizi hapo hupita basi la saa sita, na paka.

Ctibor, kaka yangu, hakutaka kuja.
"Hazina gani? Mzee kafa anadaiwa makaa ya mawe."
Lakini alikuja, na viatu vyake vya kazini,
akaibonyeza saa kabla sijafunga kamba zangu.

*Anzeni pale konani, ukuta wenye mistari,*
*palipopangwa majani yalozuia magari.*

Mistari ipo, nyekundu na nyeupe,
imefifia kama rangi ya mdomo kwenye kikombe.
Nyuma ya tofali linalocheza, kopo la tumbaku,
na ndani ya kopo, mwandiko wake ulioegemea kushoto
kana kwamba nao unakata kona:

*Kengele haina mbio, lakini hupiga saa;*
*tazameni kimbilio la mtu aliyepaa.*

Tulizunguka kanisa la Žebětín mara tatu.
Ctibor akatafuta kaburi, mimi nikatafuta malaika.
Bibi mmoja aliyekuwa akimenya viazi akatucheka:
"Aliyepaa? Yule wa pikipiki namba kumi na saba!
Alivuka ukuta, akatua katika banda letu la kuku.
Mayai arobaini. Baba yenu alilipa nusu."
Kopo la pili lilikuwa chini ya kiota, lina mavi makavu.

*Msitu si wa kelele, ila una masikio;*
*jiwe la nane, la mbele, limeficha kusudio.*

Msituni lami ya zamani imeinuliwa na mizizi.
Nilihesabu mawe ya kilomita, yeye akahesabu malengelenge.
Tulichimba kwa kijiko cha chai, maana koleo
kila mmoja alidhani mwenzake amelibeba.

Hazina: chupa ya pombe ya plamu, imebaki robo,
na daftari lililofungwa kwa kitambaa cha meza.
Sivyo nilivyotarajia. Hamna pesa, hamna medali.
Ni orodha ya mizunguko, muda umeandikwa kwa wino:

*Mimi na Drahomíra, baiskeli moja.*
*Mnyororo umekatika mara mbili. Saa tatu na dakika kumi.*
*Mimi, Drahomíra, na Radmila tumboni. Kwa miguu.*
*Tumepumzika kila jiwe. Saa saba.*
*Ctibor kwenye toroli, analia hadi Žebětín. Saa tano na nusu.*

Kisha, mwaka wa mvua nyingi, mstari mmoja:
*Mimi na Hedvika. Saa mbili kasoro. Hatukusimama.*

Sisi hatumjui Hedvika.
Ctibor alitaka kuchana ule ukurasa.
Nikalikalia daftari kama kuku wa yule bibi.
Tukatupiana maneno ya tangu utotoni,
hata lile la nani alimuuguza na nani alituma kadi.
Kigong'ota akanyamaza juu yetu.
Kisha kaka akafungua chupa, akanusa, akanipa kwanza.

Mzunguko wa chini ya dakika sita
Baba aliuona mara elfu, na hakuandika hata mmoja.

Tulirudi Bosonohy taa za barabarani zikiwaka.
Ctibor akabonyeza, akasema: "Toa nusu saa ya ugomvi."
Nikamkumbusha mshika bendera alivyotufunza mezani:
ya njano hupunguza mwendo, haisimamishi saa.

Basi nikaandika, chini kabisa, palipobaki nafasi:
*Radmila na Ctibor. Saa nane na dakika kumi na nne.*
Naye akaninyang'anya kalamu, akaongeza kwa herufi ndogo:
*Kiatu cha kushoto kimepasuka.*