Bado Ipo

Ukitafuta "nyumba inauzwa Ujiji"
ya kwanza kutokea ni ya mama yangu.
Vyumba vinne, sebule, jiko la nje,
umeme upo, maji yapo, hati ipo.
Kweli tupu. Isipokuwa nyumba.

Ilivunjwa mwaka juzi, mwezi wa Shabani.
Mnunuzi alitaka kiwanja, si kuta.
Leo pana gereji, wanapiga rangi Noah,
na oili chafu inatuama
pale mama alipokuwa akisugulia masufuria.

Aliyepiga picha ni dalali Feruzi wa Kasimbu.
Hakuwa mwongo. Nilimtajia thelathini na mbili,
akaongeza cha juu chake mbele ya macho yangu,
akaiweka mtandaoni, na namba yangu chini.
Kisha mwenzake akamwomba, "Nigawie, nina mteja,"
naye wa tatu akamwomba wa pili,
ndiyo kazi yao, tonge moja mikono mingi,
hadi nyumba ya mama ikawa saba:
moja ya milioni arobaini na tano, maelewano yapo,
moja imehama usiku ikafika Mwanga, kando ya lami,
moja ina kisima.
Hatukuwahi kuwa na kisima.

Rehani, mtoto wa kaka, anatoa kopi stendi ya Masanga.
Ndiye aliyenifafanulia.
"Mtandao una buibui, shangazi.
Anapita ukurasa kwa ukurasa, halali,
anayoyasoma anayaingiza kwenye daftari lake.
Akikuta saba zinazofanana, anateua moja:
hiyo ndiyo asili. Zilizobaki ni nakala,
anazididimiza chini huko."
"Kateua ya Feruzi?"
"Hapana. Ile yenye kisima."

Nilicheka hadi mteja wa kopi akageuka.
Halafu lile neno likanirudia.
Buibui.
Kwenye picha, upande wa kulia, juu ya kamba,
la mama limeanikwa, jeusi, limejaa upepo,
na mwenyewe yuko nyuma yake, inaonekana miguu tu,
kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu.
Hakujua anapigwa picha. Alikuwa akitafuta kibanio.
Buibui kapita hapo mara ngapi,
na buibui hakuliona. Yeye husoma maandishi.

Simu hazikomi. Mwalimu kahamishiwa kutoka Kasulu.
Mama mmoja yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa,
anauliza kama gari linafika mlangoni.
Ninasema imeuzwa, imevunjwa, haipo.
"Mbona huku naiona?"
Hapo ndipo ninapokosa jibu.

Tukaanza kuwaandikia. Wanne walifuta.
Mmoja alijibu, "Iache tu, shangazi, inavuta wateja,
wakija nawapeleka kwingine."
Feruzi kahamia Mpanda, nywila kaisahau.
Mwenye kisima, kimya.

"Basi tumwombe buibui mwenyewe asahau," Rehani akasema.
Akafungua fomu. Akaijaza. Akanigeuzia kioo.
"Bonyeza hapo."

Picha nyingine ya mama ninayo ya kitambulisho,
amekaa kama mshitakiwa anayesubiri hukumu.
Huku kwingine ana miguu, ana upepo,
ana kazi mkononi.
Nikamwambia Rehani, kesho.
Akanitazama, akazima kompyuta bila neno.

Usiku ule, saa nne, watoto wamelala,
nikaipiga namba iliyo chini ya kisima.
Sikujua nitasema nini. Ikaita, ikaita.
"Samahani," nikasema, "ile nyumba ya Ujiji,
yenye nguo kwenye kamba. Bado ipo?"

"Ipo, dada," akajibu papo hapo, sauti ya usingizi.
"Unakuja lini kuiona?"