Msailiwa Namba Kumi na Saba

Ijumaa saa kumi na moja nafunga ofisi ya kata,
muhuri ndani ya droo, funguo ndani ya sidiria,
na kuanzia hapo siitwi tena Bi Maendeleo.
Ni mwanafunzi. Namba yangu ina mikwaju mitatu.
Darasa liko Chumbageni, ghorofa ya pili,
viti vyenye kibao cha kuandikia,
vilivyopimwa kwa vijana wembamba.
Nina miaka arobaini na mitatu. Nakaa upande.

Dokta Lukindo anauliza: maendeleo ni nini?
Miaka kumi na sita nalipwa mshahara kwa neno hilo
na bado nainamisha kichwa, naandika tarehe,
naipigia mstari, naupigia mstari mwingine.
Wengine wanajibu haraka: uwezeshaji, mfumo.
Kijana mmoja wa bandarini anasema, "Inategemea,"
na Dokta anatabasamu kwa mara ya kwanza muhula huu.

Nyumbani, Barabara ya Kumi na Nne,
nasomea jikoni, maana taa ya jikoni haipepesi.
Sura ya Pili inanuka dagaa.
Kuhusu ada Mhando alisema mara moja tu:
"Hayo ni mabati thelathini."
Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anahesabu.
Zaharani, wa darasa la tano, ameniazima rula
na kuniuliza kama na mimi nikifeli nitachapwa.

Jumamosi, Kange, kwenye kokoto.
Kila mwanamke na rundo lake, nyundo yake,
kipande cha tairi cha kushikilia jiwe.
Namba kumi na saba ana vumbi mpaka kwenye kope.
Nasoma fomu ya ridhaa, ananikatiza:
"Niweke wapi dole? Hii ni ya nne.
Walikuja wa vyoo. Walikuja wa mikopo.
Akaja binti mmoja wa macho,
akayaangalia, akayaandika, akaondoka nayo."

Kaya yako inakula mara ngapi kwa siku?
Anagonga jiwe. Linapasuka pale alipotaka.
"Andika mbili. Wa kwanza niliwaambia moja,
nikidhani moja inaleta kitu.
Wa pili nikawaambia tatu, nimeshaona haya.
Mbili ndiyo kweli. Una bahati wewe,
umenikuta nimechoka kupanga uongo."

Swali la mwisho nililitunga mwenyewe, nikalionea fahari:
unajionaje miaka mitano ijayo?
Ananitazama kama fundi anavyotazama mbao.
"Wewe je?"
Nitakuwa na shahada ya pili.
"Halafu?"
Labda nitapandishwa daraja.
"Halafu?"

Halafu nikafunga kalamu, nikaomba nyundo.
Mawe matatu niliyaharibu,
la nne likawa kidole changu.
Wakacheka wote, mpaka na mimi,
na katikati ya kicheko hicho, bila kuulizwa,
wakanionyesha ndoo ya mwenye gari:
kitako kimegongwa kwa ndani mpaka kikafura,
inameza ndoo na robo, inalipwa ndoo.
Maswali yangu ishirini na matatu
na hakuna hata moja lililouliza habari za ndoo.

Sasa ni Jumatano usiku, kucha imekuwa nyeusi.
Dokta amerudisha Sura ya Nne.
Pembeni ya aya ya ndoo, kwa wino mwekundu: *Chanzo?*

Naandika: Mwanamkasi, Kange.
Nafuta. Kanuni ya maadili, kiambatisho cha tatu:
jina la msailiwa lisitajwe.
Naandika: Msailiwa namba kumi na saba.
Namsikia, tukiagana, akinifuata na nyundo mkononi:
"Jina langu uliandike, dada.
Namba ninazo nyingi."

Nimeirudisha rula kwenye begi la Zaharani,
kesho ana hesabu.
Neno *namba* bado liko kwenye kioo.
Sijaligusa tena.