Hodi Tatu

Ghala la mkonge, Tanga, nyuma ya reli. Saa nne usiku.
Robota limekaa juu ya mizani kama mgeni aliyenuna.
Nabonyeza: mia mbili hamsini.
Nabonyeza: mia mbili thelathini na moja.
Robota halijasogea. Mimi sijapumua.
Nabonyeza: sifuri.

Kwa namba hizi Shekalaghe yuko nyumbani Makorora,
siku ya tisa, kasimamishwa.
Kilo zilipungua zamu yake,
na barua yenye muhuri inasema "upotevu",
wizi uliovalishwa kanzu.

Mizani ni ileile ya miaka kumi na mitatu.
Kilichobadilika ni kompyuta: Mei waliileta mpya,
wakapiga nayo picha.
Ile kuukuu ilikohoa kabla ya kuuliza,
na katika kukohoa kule mizani ilipata kutulia.
Hakuna aliyeandika popote
kwamba uzembe ule ulikuwa kiungo cha mtambo.

Naingia ndani ya draiva. Mistari mia tisa
ya mtu asiyeacha jina.
Napachika mmoja wangu, wa kunong'ona tu: nimefika hapa.
Kosa linatoweka. Vipimo arobaini, vyote sawa.
Naufuta. Kosa linarudi, limenawiri.
Naupachika, linatoweka.
Nakiri nilitazama darini.

Shangazi yangu huhesabu mizani ya mashairi kwa vidole;
mstari ukipwaya silabi moja, anaurudisha jikoni.
Mizani yangu mimi imepwaya kwa mikrosekunde themanini:
ukipepesa jicho mara moja, zimepita mara elfu.
Kidole gani kitazihesabu?

Simu ya Kiondo kutoka Dar:
"Ilaze milisekunde kumi, funga kazi, ukalale na wewe."
Ingefaa. Hadi walete kompyuta nyingine.
Lakini kulala si kusubiri.
Aliyelala hajui mlango umefunguliwa saa ngapi.

Kisha mlangoni, Mwantumu wa lindo:
hodi.
Nimezama, sijibu.
Hodi.
Namsikia kwa mbali, kama redio ya jirani.
Hodi. Halafu viatu vyake vinaondoka,
na chai yangu inaondoka navyo.
Namkimbilia uani. "Nimebisha tatu," anasema,
"ulitaka nivunje?"

Sisemi nilielewa palepale. Nilikunywa chai kwanza, na kiazi.

Draiva hii haikufunzwa. Inasema hodi, mguu uko sebuleni.
Inaikuta mizani inavaa shati, mkono mmoja bado uko nje,
inaondoka na ilichokiona:
nusu ya robota hili, nusu ya lililotangulia,
inakwenda kukitangaza kuwa ni kilo.

Na karibu ipo! Kwenye rejista ya pili, biti ya mwisho:
ikiwaka, namba imeiva.
Imekuwa ikiwaka miaka yote, hakuna aliyeitazama.

Nikaandika: bisha, tazama.
Bisha, tazama.
Zikitimia tatu bila jibu, rudi, useme sikujibiwa.
Usibuni namba.

Saa tisa usiku. Vipimo elfu mbili.
Mia mbili hamsini, mia mbili hamsini,
hadi namba ikapoteza maana, kama jina lako ukilirudia.
Ripoti ina sentensi mbili:
hakuna kilo iliyopotea;
kuna swali lililoulizwa mapema.
Meneja ataisoma Jumatatu. Barua yenye muhuri haina biti.

Asubuhi niko Makorora, mlango wa bati.
Hodi.
Kimya. Ndani ndoo inasogezwa.
Hodi, Shekalaghe, ni mimi wa kompyuta.
Ndoo inaacha.
Siku tisa ameitwa mwizi kwa sauti ya chini;
sijui mtu huyu anahitaji muda gani kutulia.
Ya tatu nimeishika mdomoni.