Upande wa Pili, Wimbo wa Kwanza

Baba alikuwa fundi bomba wa Winnipeg, mtaa wa Selkirk,
mji ambao mwezi wa kwanza hata ndevu hupiga barafu
na mabomba hupasuka usiku kama bisi.
Mwaka wa sitini na sita alitoa santuri.
Moja tu. Nakala mia tatu.
Mia mbili na kumi na moja ziko hadi leo kwa dada yangu Darka,
zimepinda kwa joto la tanuri.

Jaladani amevaa suti yake ya harusi,
kashika kizibuo cha choo, mpira juu,
karibu kabisa na midomo, macho nusu kafumba,
vilevile Lorna Castellane alivyoshika waridi
kwenye santuri yake, ile iliyouzwa kila mahali.
Wimbo wa Lorna ulikuwa hivi, nani asiyeujua:

    Macho yangu yanavuja,
    laazizi, lini waja?
    Nimekesha dirishani,
    ukungu u mashavuni.

Baba hakuubomoa.
Alibadilisha vipuri, bomba akaliacha lilelile:

    Choo changu kinavuja,
    fundi bomba, lini waja?
    Nimekesha msalani,
    maji yako magotini.

Walirekodi chini ya kanisa, siku ya kukunja maandazi ya viazi.
Yarko kwenye kodiani. Ngoma, muuza nyama Hnat.
Ukisikiliza vizuri, penye "magotini"
sinia linaanguka
na mwanamke mmoja anaomba Mungu amsamehe.

Mama hakucheka.
Wimbo ule ndio alioukubalia mkono wa Baba,
ukumbini, viatu vya kuazima.
Siku tisa hakumsemesha.
Chakula aliandaa, uma kushoto,
kisu kulia, na kizibuo kando ya kisu.

Baba alimwandikia Lorna kuomba radhi
(alishauriwa aombe ruhusa, lakini alikuwa amechelewa).
Jibu lilifika baada ya wiki kumi na moja, kwa mkono wake mwenyewe:
*Kwenye "lini" unakimbia. Vuta.
Mtu aliye ndani ya maji hana haraka, keshalowa.*
Hakuna zaidi. Sahihi, na doa la kahawa.
Baba aliitundika barua ile juu ya choo chetu,
na kuanzia siku hiyo akavuta.

Alikuwa akisema wimbo una ndugu na una watani.
Ndugu huulilia. Mtani huuvua kofia mbele za watu,
na bado ukifiwa, yeye ndiye anayebeba jeneza.
Mimi niliona ni maneno ya mtu aliyebakiwa na santuri ghalani.

Kisha Mama akafa, mwezi wa tatu, ardhi ngumu kama sahani.
Aliacha karatasi: upigwe wimbo wa Lorna.
Wa Lorna, alipigia mstari mara mbili.
Bwana Pelech akainamia kinanda. *Macho yangu*,
na kanisa zima likainamisha vichwa
kwa namna isiyo ya sala.
Kila mtu mle ndani alikuwa anasikia choo.
Hnat, mzee sasa, alijiziba na kofia.
Shangazi Olya alitoka nje akikohoa kikohozi cha uongo.
Mabega ya Baba yalitikisika, Darka akamshika,
akamwinamia ampe pole,
akakuta anaimba kwa pumzi,
polepole, akivuta kwenye "lini",
machozi yamefika kwenye tai:

    fundi bomba, lini waja?

Sijui Mama alikusudia nini kwa mistari ile miwili.
Alikuwa mwanamke wa kulipiza taratibu.

Jana nilimsikia Lorna dukani, kati ya sabuni na maziwa.
Nikasimama na kikapu, nikimngoja fundi bomba.
Akatajwa laazizi,
nikashtuka, kama mtu anayebisha kwao
akafunguliwa mlango na mgeni.