Limejaa, Halijajaa

Mlimani Bugando, umeme umerudi saa sita usiku,
Nkwimba anaikodolea picha:
kirusi kilacho bakteria, kutoka tone la maji ya Mwaloni.

Protini zilijuana bila mnyapara,
tano hapa, sita pale, pembe kwa pembe,
ganda likasimama. Tupu.
Ndipo mlangoni injini isiyoonekana
ikashindilia uzi wa DNA, mzingo juu ya mzingo,
ukuta ukakazana.

Mama naye, Kirumba, goti juu ya gunia la dagaa,
shazia katikati ya meno:
"Limejaa, halijajaa. Tia konzi."

Basi kirusi hakisukumi. Kinafunguka tu mdomo.
Siku ile mnunuzi alikata uzi kwa pupa,
dagaa wakamrukia kifuani,
mama akacheka hadi akaketi chini.